Neutrofili na seli T: zipi huumiza mapafu zaidi?

Ndugu wanaouguza mtu mwenye UVIKO-19 au mafua makali hapa Dar es Salaam huelezwa kwamba kinga yake ndiyo inamuumiza. Kinga ipi?

Neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, huwahi kufika mapafuni. Humeza vijidudu, humwaga vimeng'enya na kurusha nyavu za DNA. Zikijazana, silaha hizo huchubua kuta nyembamba za vifuko vya hewa; maji huvujia ndani, na oksijeni inashindwa kupita kwenda kwenye damu. Hapo ndipo mgonjwa huhitaji mashine ya kumsaidia kupumua.

Seli T, nazo seli nyeupe za damu, huchelewa siku kadhaa, ila hulenga: aina iitwayo CD8 huua seli zilizokwisha ingiliwa na virusi, na baadhi hubaki kama kumbukumbu. Zikizidi nazo hudhuru, lakini mimi naziamini zaidi. Kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19, kipimo cha picha kamili ya damu mara nyingi huonyesha limfosaiti (kundi lenye seli T) zimeshuka, neutrofili zimepanda.

Deksamethasoni, dawa ya steroidi, hutuliza kinga na uvimbe inaouleta. Mwaka 2020 ilithibitika kupunguza vifo vya UVIKO-19, kwa waliohitaji oksijeni tu. Tafadhali, usiinunue duka la dawa Kariakoo kwa mafua ya siku mbili: seli T bado zina kazi.