Kupinga deni la maegesho katikati ya Jiji la Dodoma: wanasikiliza, lakini kibao bado hakisomeki

Anayeegesha gari karibu na Nyerere Square siku ya kazi anaujua utaratibu: mhudumu mwenye mashine ya mkononi hupiga picha ya namba ya gari, mfumo hutoa ankara yenye namba ya malipo, na dereva hulipa kwa simu. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa fedha haipiti mikononi mwa mtu. Ninachotathmini hapa ni huduma inayofuata pale dereva anaposema hakustahili kutozwa, kwani wengi hulipa kimya kimya wakiamini kwamba deni likishaingia kwenye mfumo halifutiki.

Deni langu lilitokana na kibao. Kiliandikwa "7:30 – 5:30" bila neno asubuhi wala jioni, na mstari wa chini, uliopaswa kutaja siku, ulikuwa umebabuliwa na jua hadi zikabaki herufi "JUMA" peke yake, ambazo zaweza kuwa Jumatatu, Jumamosi au Jumapili. Mtu anayesoma saa kama tunavyozihesabu sisi ataelewa saa saba na nusu mchana hadi saa tano na nusu usiku. Mimi niliegesha saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi.

Kwenye dirisha la ofisi inayosimamia ada za maegesho nilipokelewa vizuri. Binti aliyekuwa zamu aliniamkia, akanipa fomu ya malalamiko, akazitazama picha za kibao kwenye simu yangu na kusema, "Mzee, hata mimi hapa ningekosea." Alinieleza wazi kwamba hana mamlaka ya kufuta ankara, akanipeleka kwa msimamizi wake badala ya kunizungusha.

Msimamizi alianza kwa kunionyesha picha ya gari langu, na hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya huduma hii. Picha hiyo inathibitisha kwamba gari lilikuwepo, jambo ambalo sikulikana, lakini haisemi lolote kuhusu kama dereva alijulishwa ada inatozwa saa ngapi na siku zipi. Nilimwomba ailinganishe na picha ya kibao. Kwa sifa yake, alikubali, akamtuma mtu kwenda kukikagua, na baadaye ankara ikafutwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake unapoamuliwa, nami nilisikilizwa.

Mawili yanahitaji kurekebishwa. Sikupewa uamuzi kwa maandishi, bali niliambiwa tu kwa mdomo. Tena, wakati lalamiko likishughulikiwa, deni liliendelea kusomeka kwenye mfumo, hivyo mhudumu mwingine akanidai barabarani na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Deni linalopingwa lingepaswa kusitishwa hadi uamuzi utoke.

Anayekusudia kulalamika apige picha kabla ya kuondoka: moja ya maandishi ya kibao kwa karibu, nyingine ikionyesha gari na kibao pamoja, kisha aombe nakala ya fomu yake iliyogongwa mhuri. Kwa upande wangu nimeiandikia ofisi hiyo barua nikiomba kibao kiandikwe upya kwa ukamilifu: saa 1:30 asubuhi hadi saa 11:30 jioni, na siku zote za kutozwa zitajwe kwa majina yake.