Linux kwenye kompyuta ya mwalimu: mfumo usioitikia hodi

Sikwenda Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa mapenzi. Kompyuta yangu mpakato niliinunua ikiwa imeshatumika Ulaya: prosesa ya kizazi cha sita, RAM GB 8, betri ya kubahatisha. Windows 10 ilikuwa inakwenda vizuri tu. Kisha likaanza tangazo la kwamba ikifika tarehe 14 Oktoba 2025 masasisho ya usalama yanakoma, na nilipojaribu kuhamia Windows 11 nikaambiwa prosesa ni ya zamani mno. Yaani mashine inafungua Word, inacheza video, inaonyesha ramani darasani, lakini imestaafishwa kwa makaratasi. Kununua nyingine, na ada za watoto zinasubiri Januari? Nikaweka Linux.

Jina halikuwa geni. Nilipokuwa chuo, mwenzangu wa chumbani alikuwa na CD ya Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, aliyoiagiza akaletewa bure kwa posta, enzi hizo walikuwa wakizituma dunia nzima. Jina lilitufurahisha, maana ubuntu wa Wazulu na utu wetu ni mtu na nduguye. CD yenyewe iliishia dirishani, jua likaimaliza. Safari hii nilichukua toleo jingine, mojawapo ya yale wanayoshauriwa wanaoanza. Silitaji, kwa sababu mengi yaliyonikuta yangenikuta hata kwa majirani zake.

Kuweka hakukuchukua hata saa moja. Windows niliiachia kona yake, kwa kuwa ile programu ya kuingizia alama za wanafunzi haifanyi kazi pengine popote. Waifai iligoma, kwa kuwa draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, haikuwemo na ilipaswa kupakuliwa kwa intaneti, ambayo ndiyo nilikuwa siipati. Nikachomeka simu kwa waya, nikawasha bando, nikaipakua kwa njia hiyo. Hilo liliisha siku ile ile.

Ambalo halijaisha ni ukimya.

Usiku wa kwanza nilitaka kuongeza programu kwa kufuata maelekezo, na maelekezo karibu yote huanza na "fungua terminali", lile dirisha jeusi. Nikafungua, nikabandika amri, ikaniomba nywila. Nikaandika. Hakuna kilichotokea: si herufi, si nyota, si hata nukta. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Nikadhani kibodi imekufa, nikazima mashine, nikawasha, yakawa yale yale. Mara ya tatu niliandika kwa hasira, nikapiga Enter bila matumaini, ikakubali. Kumbe muda wote ilikuwa inapokea ila haionyeshi, ili aliye nyuma yako asijue hata nywila yako ina herufi ngapi. Sababu ninaielewa. Lakini maneno mawili tu, "endelea, naandika", yangeniokolea dakika arobaini.

Baadaye nikajua kwamba hiyo si kasoro, ni tabia ya ukoo mzima. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, kwa kufuata mwenendo wa Unix, na Unix yenyewe ilizaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Watu wa wakati huo walitumia mashine zilizochapa kila jibu kwenye karatasi, polepole na kwa kelele. Ndiyo maana amri ni fupi kama kikohozi: ls, cp, mv, rm, yaani orodhesha, nakili, hamisha, futa. Na ndiyo maana amri ikifanikiwa haisemi kitu. Ukinakili, kimya. Ukifuta, kimya. Inafungua mdomo pale tu unapokosea. Sisi tumelelewa kwamba anayepiga hodi huitikiwa karibu, hata kama mwenyeji yuko jikoni na mikono imejaa unga. Hapa unapiga hodi, mlango unafunguka, hakuna anayesema neno, unabaki umesimama kizingitini na viatu mkononi.

Ukimya huo umenigharimu. Azimio la kazi la muhula mzima lilipotea kwa amri ya rm niliyodhani inapeleka vitu kwenye pipa la taka. Haipeleki popote. Kilichokwenda kimekwenda, na haikuniuliza mara mbili.

Lakini kisa ambacho walimu wenzangu bado wananicheka nacho ni cha flashi.

Ilikuwa siku ya kuchapisha mtihani wa Kidato cha Pili. Folda moja nilikuwa nimeweka mtihani pamoja na video nne za Bonde la Ufa, jumla kama GB 2. Nikachomeka flashi, nikanakili, mstari ukakimbia hadi mwisho kabla sijafunga zipu ya mkoba. Nikafurahi kweli, nikasema kumbe Linux ina kasi namna hii. Nikachomoa, nikapanda bodaboda hadi steshenari ya karibu na stendi. Kijana wa pale akafungua flashi, akainamia skrini.

"Mwalimu, hii ina KB sifuri."

"Fungua tu."

"Haina kitu, mwalimu. Jina lipo, ndani patupu."

Saa kumi na mbili jioni, wao wanafunga saa moja, na mtihani ni kesho asubuhi. Nikarudi nyumbani, bodaboda elfu mbili kwenda na elfu mbili kurudi, nikanakili tena, nikafika mlango ukiwa nusu umefungwa.

Jambo lenyewe liko hivi. Unaponakili, Linux huyapokea mafaili na kuyashika kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inakwambia tayari, kisha inaendelea kuyamimina kwenye flashi taratibu, nyuma ya pazia. Flashi za bei yetu zinaandika kwa mwendo wa konokono, kwa hiyo "tayari" ya kwenye skrini na tayari ya kweli zinaweza kupishana kwa dakika kadhaa. Dawa ni kubonyeza alama ya kuondoa flashi na kusubiri ruhusa. Ipo pia amri ya kuilazimisha imalize, inaitwa sync. Unaiandika, unapiga Enter, na yenyewe, kama ulivyokwisha kukisia, haisemi kitu. Inakaa hapo. Ikimaliza inakurudishia mstari mtupu. Najua kuna watakaosema hata Windows tumeshauriwa miaka yote tutoe flashi kwa adabu. Kweli. Ila huko nilikuwa mkosa adabu kwa miaka kumi na flashi ikanivumilia.

Upande wa pili wa steshenari ni herufi. Mtihani niliuandika kwa LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, nikauhifadhi kama faili la Word, nikampelekea mwalimu wa taaluma. Kwangu ulikuwa kurasa nne safi. Kwake ulikuwa kurasa tano, ramani ya swali la sita imepanda juu ya swali la tano, na vistari vya kujazia majibu vimekatika katikati. "Mwalimu, umeandikia kwenye simu?" akaniuliza mbele ya watu. Tatizo ni kwamba aina za herufi za Calibri na Times New Roman zina wenyewe, hazisambazwi bure na Linux. Mfumo unapozikosa unachukua herufi nyingine zinazofanana nazo. Ukibahatika zinakuwa na upana ule ule: Carlito imetengenezwa makusudi isimame badala ya Calibri, Liberation Serif badala ya Times New Roman. Usipobahatika, kila neno linasogea kidogo, na kidogo hicho kwenye kurasa nne ni aya nzima. Kubadilisha herufi ni haki yake, sigombi. Ninachogombea ni kwamba ilibadilisha bila kuniambia, jina la Calibri likabaki limeandikwa pale juu kana kwamba ndiyo ninayoitumia. Siku hizi natuma PDF. Mwalimu wa taaluma hataki PDF, anataka kitu atakachorekebisha mwenyewe, kwa hiyo natuma vyote viwili na kumpigia simu.

Kuna na lile la herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, Mtihani.docx na mtihani.docx ni watu wawili tofauti na wanaweza kukaa folda moja bila kusalimiana. Nilisahihisha mmoja, nikatuma mwingine. Tuliache.

Saa, hata hivyo, siwezi kuiacha. Kwa wenye mifumo miwili kwenye mashine moja hili linawahusu. Asubuhi moja nilikuwa darasani, projekta imewaka, saa nne kamili. Jana yake usiku nilikuwa Windows naingiza alama. Mwanafunzi wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, saa saba imefika." Nikageuka, kona ya skrini imeandika 13:00. Nusu ya darasa ilishaanza kufunga madaftari kwa ajili ya chakula cha mchana. Niliporudi Windows jioni, huko saa ilikuwa imerudi nyuma kwa saa tatu. Kwa siku kadhaa nikaamini betri ndogo ya saa iliyo ndani ya kompyuta imekufa, na fundi mmoja akataka kunibadilishia.

Betri ilikuwa nzima. Ndani ya kompyuta kuna saa inayoendelea kutembea hata umeme ukikatika. Windows huichukulia kuwa inaonyesha saa za hapa ulipo. Linux huichukulia kuwa inaonyesha saa za dunia, zile za UTC, kisha inaongeza tatu, maana Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Windows ikiandika saa nne asubuhi, Linux inasoma saa nne za UTC, inaongeza tatu, inapata saa saba. Ikipata intaneti inajirekebisha, inaiandikia ile saa ya ndani UTC halisi, na Windows ikija inajikuta imechelewa. Kila mmoja anamsahihisha mwenzake usiku na mchana, wala hawajuani. Na mtu aliyezoea kutoa sita kichwani kila anapoona 13:00 akaongezewa na tatu za uongo, hesabu inakuwa ngumu hata kwa anayefundisha longitudo na saa za dunia, ambaye ni mimi.

Dawa ni mstari mmoja kwenye terminali: timedatectl set-local-rtc 1. Saa zikapatana. Ila ukiiuliza hali ya saa baada ya hapo, inakupa onyo refu kwamba ulichofanya hakishauriwi. Kwenye flashi ilinyamaza, hapa imekuwa msemaji.

Mtu atauliza, kwa nini basi sijarudi? Jibu linaanzia kwenye flashi ile ile. Flashi ikizunguka steshenari za mjini inarudi na ule ugonjwa tunaoujua sote, folda zote zimegeuka njia za mkato na vilivyomo havionekani. Kwenye Linux naifungua naona kila kitu: mafaili yangu yapo yamefichwa, na kando yake kile kijidudu chenyewe kimelala, hakina la kufanya kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Nakifuta kama ninavyofuta ubao. Walimu wenzangu sasa wananiletea flashi zao niwasafishie, na wengine ni wale wale wanaonicheka. Mashine nayo imepona uzee. Inawaka kabla sijavua miwani ya jua, feni haipigi kelele, na masasisho yananiuliza kwanza, kwa hiyo nayapanga usiku kwenye bando la bei nafuu. Mara moja tu yalikataa kuanza kwa madai kwamba kuna programu nyingine imefunga mlango, nikatafuta nusu saa programu gani, kumbe ni masasisho yenyewe yalikuwa yameanza peke yake.

Nilijaribu pia kuigeuza izungumze Kiswahili, nikidhani labda huko ndiko itakapoanza kuitika. Ilinipa maneno machache ya Kiswahili yaliyozungukwa na Kiingereza, kama wali wenye punje za mahindi. Niliumia kidogo, kwa sababu kazi hii iliwahi kuanza vizuri hapa hapa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili ipo na nimeiweka. Inajua maneno mengi, ila kitenzi kikibeba viambishi vingi, kama wanavyojitayarishia, inakitilia mstari mwekundu, nami namwacha apige mstari.

Kwa hiyo nyota ngapi? Tatu na nusu kati ya tano. Kwa anayeandika, anayesoma, anayetumia mtandao na kutazama video, mashine yake ya zamani itamtumikia. Kwa anayebadilishana mafaili ya Word na watu kumi kila wiki, ajiandae kupiga simu. Anayetegemea programu moja ya ofisi inayotaka Windows asifute Windows.

Mwezi uliopita nimemwekea mwalimu wa hisabati, mashine yake ni ya umri wa yangu. Nilimweleza habari ya flashi, nikamweleza ya saa, nikamwandikia na ile amri kwenye karatasi. Saa tatu usiku simu ikaita.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Hii kibodi imekufa. Nywila haiandikiki."

"Inaandika," nikamwambia. "Endelea tu."

"Sioni kitu."

"Endelea, mwalimu. Ukimaliza piga Enter."

Nikasubiri. Upande wa pili kukawa kimya, hadi salio lake la dakika likakata.