TAHADHARI: Muuzaji wa udongo na ukoka wa bei chee

Jamani, kabla hujamlipa mtu wa udongo wa bustani, panda juu ya tipa uuone mzigo kwa macho yako. Mimi sikupanda, na sasa ua wangu wote ni ndago, lile gugu sugu linalofanana na nyasi.

Nilimpata mtandaoni. Bei nusu ya wenzake, na maneno matamu: udongo mweusi, umechekechwa, una samadi, ukoka na miche naongezea bure. Kwa anayetengeneza ua kwa kudunduliza, utakataaje? Akataka hela yote kwanza, eti ya mafuta. Tipa likaja giza limeingia, likamwaga, likaondoka.

Asubuhi nakuta weusi uko juu tu. Chini ni kifusi: vipande vya tofali, misumari, plastiki. Samadi mbichi kabisa, na samadi mbichi huunguza mizizi. Nikavuta mche mmoja, ukachomoka kama kijiti. Ni tawi lililochomekwa kwenye kiroba, halina mzizi hata mmoja. Kipimo nacho kilipunjwa. Mita 1 ya ujazo ukiitandaza kwa unene wa sentimita 5 inafunika mita 20 za mraba. Nililipia 3, hazikufunika hata 30.

Hayo yote ningeyameza. Ndago ndiyo inayoniuma. Majani membamba yanayong'aa yalipoanza kutokeza nilifurahi, nikidhani ukoka umeshika. Ukiyaona, chukua bua ulivingirishe kati ya vidole: la ndago lina pembe tatu, unazihisi kabisa. Fukua taratibu utakuta vipunje vyeusi vimeungana kwa nyuzi. Jembe linakata zile nyuzi, halafu kila kipunje kinachipua kivyake. Nililima mara tatu kabla ya kugundua kwamba naisambaza mwenyewe. Sasa nachimba na kuchekecha udongo, kipande kwa kipande, na bado inaota.

Nilipompigia alisema "kesho bosi nakuja", kisha namba ikawa haipatikani.

Juzi nimeziona picha zilezile, jina jingine. Akikufuata, mwambie apige video ya mzigo akiwa amesimama juu yake, auchote kwa chepe kutoka chini. Mzigo uje mchana, na hela itoke baada ya kukagua. Akianza hadithi za mafuta, achana naye.