Chaja ipi ununue? Nimezipanga kuanzia ya kwanza hadi ile isiyofaa kuingia ndani ya nyumba

Watu wanaojua kwamba napenda kufungua-fungua vifaa huniuliza swali moja zaidi ya mengine yote: "Ninunue chaja ya wati ngapi?" Nami huwauliza kwanza simu yao ni ipi na waya wao ukoje. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni kiwango cha juu ambacho chaja inaweza kukifikia. Ili ukipate, chaja, waya na simu lazima vikubaliane vyote vitatu. Kimoja kikikataa, chaja ya wati 65 itatoa wati 10 au pungufu, na mwenye simu ataanza kuilaumu betri.

Makubaliano hayo utayaona kwenye mita ya USB, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachokaa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti na ampea. Ukichomeka simu, kioo cha mita huanza na volti 5. Kama chaja na simu zinaelewana, muda mfupi baadaye namba inaruka hadi 9. Zisipoelewana inabaki 5, hata boksi liwe limeandikwa nini. Ukipenda vifaa, mita hii inunue mapema, maana itakuonyesha mambo ambayo hakuna muuzaji atakayekueleza.

Nafasi ya kwanza: chaja ya USB-C yenye PD na PPS, wati 30 hadi 45

PD ndiyo lugha ya pamoja ya kuchaji kupitia USB-C. Chaja inatangaza volti ilizonazo, kwa kawaida 5, 9, 15 na 20, kisha simu inachagua. PPS ni nyongeza yake, na kwangu mimi ndiyo inayoipa chaja hii nafasi ya kwanza. Seli ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2 au zaidi kidogo. Chaja ikileta volti 9 kamili, simu inalazimika kuzishusha yenyewe, na sehemu ya umeme huo inapotea kama joto ndani ya simu. Kwa PPS simu inaomba volti inayoitaka, kwa hatua za milivolti 20. Kwenye mita utaona namba za ajabu kama 8.46, halafu 8.52 (karibu mara mbili ya volti za seli, kwa sababu simu huzigawa kwa mbili), zikipanda polepole kadiri betri inavyojaa. Shika mgongo wa simu wakati huo ulinganishe na chaja isiyo na PPS. Tofauti ya joto mara nyingi inahisika mkononi. Na joto ndilo linalozeesha betri kuliko mambo mengi tunayoyaogopa.

Usitegemee maandishi makubwa ya mbele ya boksi. Geuza chaja usome maandishi madogo karibu na plagi. Ukiona PPS na kiwango kama 3.3–11V, 3A, hiyo ndiyo. Simu za Samsung Galaxy zinazochaji kwa wati 25 au 45 hutegemea PPS kufika huko. iPhone zinatumia PD ya kawaida, na tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 zina tundu la USB-C. Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa simu mpya zinazouzwa huko tangu tarehe 28 Desemba 2024, kwa hiyo chaja ya aina hii haitapitwa na wakati upesi.

Utakutana pia na herufi GaN. Ni aina ya semikondakta inayowezesha chaja kuwa ndogo na kupoteza umeme kidogo zaidi. Ni nzuri, lakini kama bajeti inabana, chagua PPS kabla ya GaN.

Kabla ya kuendelea: waya

Kama simu yako ilichaji haraka zamani na sasa inajikongoja, badili waya kabla ya chaja. Nyaya nyingi za USB zina maandishi madogo kama 28AWG/1P 24AWG/2C. AWG ni kipimo cha unene wa uzi. Sehemu ya pili ndiyo ya nyuzi zinazobeba umeme, na namba ikiwa ndogo, uzi ni mnene zaidi. Uzi wa 28 una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja una kama omu 0.43. Pitisha ampea 2 na karibu volti 0.85 zinapotea njiani: chaja inatoa 5, simu inapokea 4.15. Simu ikiona volti zinazama, inapunguza uvutaji. Waya wa uzi wa 24, urefu uleule, unapoteza kama volti 0.34 tu. Waya wa mita mbili unazidisha hasara hiyo mara mbili, kwa hiyo nunua mrefu pale tu unapouhitaji kweli.

Kwa USB-C pande zote mbili, waya wa kawaida unabeba ampea 3. Zaidi ya hapo lazima uwe na chipu ndogo ndani ya kichwa inayoijulisha chaja kwamba waya unaweza kubeba ampea 5. Ndiyo maana baadhi ya Galaxy zinazoweza wati 45 hazifiki huko kwa waya wa ampea 3, hata kama chaja ni sahihi.

Waya mbovu unaweza pia kuharibu kifaa. Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza mwaka 2015 kupima nyaya za USB-C zinazouzwa mtandaoni na kuchapisha matokeo. Mwanzoni mwa 2016 waya mmoja uliounganishwa vibaya, nyuzi za umeme zikiwa zimegeuzwa, uliua kompyuta yake aliyokuwa anaitumia kwa majaribio. Kosa lililoenea zaidi aliloligundua lilikuwa kwenye nyaya za USB-A (kichwa kile cha zamani, kipana) kwenda USB-C: ndani panatakiwa rezista, yaani kijidude cha ukinzani, ya kiloomu 56, lakini watengenezaji wengi waliweka ya 10, ambayo inaiambia simu ivute ampea 3 hata kutoka tundu lisiloziweza.

Nafasi ya pili: chaja ya kampuni iliyotengeneza simu yako

Kampuni kadhaa zina mfumo wao wenyewe. VOOC ya OPPO, iliyotoka mwaka 2014, iliacha volti chini na kupandisha ampea, kwa hiyo inahitaji chaja yake na waya wake mnene. Ukiitumia simu ya namna hiyo na chaja ya PD, mara nyingi itachaji, ila kwa mwendo mdogo. Kama una simu ya aina hii na huna kifaa kingine cha kuchaji, kwako nafasi ya pili inapanda kuwa ya kwanza. Nimeiweka hapa kwa sababu siku ukibadili simu, kasi hiyo huenda isikufuate.

Nafasi ya tatu: chaja yenye matundu mengi

Inafaa kwa safari na kwa mwenye laptop. Angalia jedwali la mgawanyo: wati 65 za tundu moja zinaweza kuwa 45 na 20 ukichomeka cha pili. Na kila unapochomeka kifaa kipya, chaja nyingi hukata umeme kwa sekunde moja ili kupanga upya. Kwa simu si neno. Kwa bodi ya majaribio ya kielektroniki iliyo katikati ya kuandika data kwenye kumbukumbu yake, ni hasara.

Nafasi ya nne: pawabenki

Soma Wh (wati-saa, yaani kiasi cha nishati) badala ya mAh (miliampea-saa). Pawabenki ya mAh 10,000 inahesabiwa kwa volti 3.7 za seli zake, yaani Wh 37. Ondoa upotevu wa kubadilisha volti, na simu ya mAh 5,000 utaijaza mara moja na nusu hivi. Kwenye ndege inakaa mkobani, kamwe si kwenye begi la chini ya ndege, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100.

Nafasi ya tano: kuchaji bila waya

Raha ipo, lakini umeme mwingi zaidi unageuka joto, hasa koili (mizunguko ya waya) ya chaja na ya simu zisipokaa sawasawa. Ukitaka aina hii, tafuta Qi2, kiwango cha kuchaji bila waya kilichotangazwa mwaka 2023, kwa sababu sumaku zake zinaiweka simu mahali pake.

Nafasi ya sita: chaja ya zamani ya volti 5

Usinunue mpya, lakini uliyonayo usiitupe. Vifaa vingi vidogo vya bei nafuu vina tundu la USB-C bila rezista mbili za kiloomu 5.1 zinazotakiwa ili chaja ijue kuna kifaa. Chaja ya USB-C haivitambui, haitoi kitu. Ukitumia chaja ya zamani na waya wa USB-A kwenda C vinawaka mara moja. Hata Raspberry Pi 4 ya kwanza (kompyuta ndogo ya bodi moja), mwaka 2019, ilitoka na kosa la rezista hizo na kukataa nyaya zenye chipu.

Ya mwisho: chaja isiyo na jina, au yenye jina la kuiga

Nimezifungua. Ndani ya chaja nzuri kuna nafasi pana, wazi, kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa simu. Kwenye feki njia hizo mbili zinapita karibu kugusana, transfoma imezungushiwa utepe mmoja, fyuzi haipo. Unyevu kidogo unatosha kuleta umeme wa ukutani hadi kwenye simu uliyoishika. Ukiwa dukani, ipime mkononi: mara nyingi ni nyepesi kupita kiasi, pini za plagi zinacheza, maandishi yana makosa ya tahajia. Usiifungue kama hujui kumaliza chaji ya kapasita kubwa, kijidude kinachohifadhi umeme, maana kwenye umeme wa volti 230 inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Usiigawe kwa mtu mwingine pia. Pinda pini zake zisiingie tena kwenye soketi, kisha uipeleke kwenye taka za kielektroniki.