Mafunzo ya siku mbili ya kupinga ubaguzi wa rangi kazini: nyota nne

Niliingia nikiwa nimechoka tayari. Tangu George Floyd, Mmarekani Mweusi, auawe na polisi Mei 2020 nimeketi kwenye mafunzo mengi ya aina hii, na karibu yote yaliishia sisi Weusi tukieleza machungu yetu, wenzetu Wazungu wakilia, kisha tukaanza kuwabembeleza wao.

Haya yalikuwa tofauti. Mwezeshaji, Mzungu mwenyewe, aliweka sharti mapema: Mzungu akiumia moyoni, asimgeukie mfanyakazi Mweusi amtulize. Alikuwepo mwezeshaji wa pili kwa kazi hiyo. Alitueleza pia ripoti ya Uingereza ya 1999 kuhusu mauaji ya Stephen Lawrence, kijana Mweusi aliyeuawa London na genge la Wazungu, iliyosema kwamba taasisi nzima inaweza kubagua, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia.

Zamu yangu ilipofika nilieleza yaliyonipata kazini, na meneja wangu akaanza, "Mimi sikukusudia..." Mwezeshaji akamkatiza kwa upole: "Kwanza rudia alichokuambia." Akarudia neno kwa neno: mara tatu nilinyimwa cheo, na mara zote tatu nikaagizwa kumfundisha aliyekipata. Halafu akanyamaza, hakujitetea. Kwa miaka sita nilikuwa nikiusubiri ukimya ule.

Kasoro ni siku ya pili, iliyokimbizwa mno. Ahadi ziliandikwa ukutani bila tarehe wala jina la mhusika, na hapo ndipo uwajibikaji hupotelea. Nimemwandikia meneja kuomba tarehe. Amenipa moja, ya kukagua vigezo vya kupandisha vyeo, na amesaini.