Saa 2 ya nani? Siku yetu na mwongoza wageni wa hapa Tanga

Hii niliahidi kuiandika tangu dada aondoke, nikawa napiga kalenda tu. Leo mvua imenifungia ndani, basi ngoja niitoe.

Dada yangu anaishi Houston, Texas, miaka mingi sasa, ameolewa hukohuko na Mmarekani, shemeji mtu poa sana ila ana ugonjwa mmoja, anapenda kupanga kila kitu mwenyewe kwenye simu. Hawa watu wamepanda meli ya kitalii ya Karibea mara mbili, zote zikiondokea Galveston ambako si mbali na kwao, sa walivyokuja Tanga kila tunachofanya lazima kilinganishwe na Karibea. Tukila, Karibea. Tukipanda bajaji, Karibea. Mpaka mama akauliza, hiyo Karibea iko wapi mbona watu wenyewe hawatukaribishi.

Kwa wasiojua, zile meli zinatia nanga asubuhi jioni zinaondoka, kama ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo. Hapo katikati abiria anashuka kutembea nchi kavu, na njia ni mbili. Unanunua matembezi humohumo melini, bei imechangamka, mnajazwa basi zima mnatembea nyuma ya mtu kanyanyua kibao cha namba. Au unatafuta mwenyeji wako wa bandari ile, unalipa kidogo na anakupeleka hata kwa shangazi yake mkale. Tofauti kubwa iko kwenye kuchelewa. Ukichelewa na matembezi ya meli, meli inakusubiri. Ukichelewa na mwenyeji wako, meli inaondoka na masanduku yako, wewe unabaki gatini unaipungia mkono, na nauli ya kuifuata bandari inayofuata unatoa mfukoni kwako.

Dada na shemeji ni wa kutafuta mwenyeji, na mara ya kwanza waliponea chupuchupu. Ilikuwa Progreso, Meksiko, kwenye rasi ya Yucatán, mwezi wa sita. Mwenyeji wao akawapeleka shamba la zamani, wakapandishwa kitoroli cha reli kinachovutwa na punda katikati ya mistari ya mimea, dada anaangalia kushoto anaangalia kulia, akaanza kucheka peke yake. Mwenyeji anajieleza kwa fahari, huu ndio mmea wetu wa henequén, hapa zamani watu walitajirika kwa kamba, na dada anamwambia shemeji "huu si mkonge huu!" Na kweli ni ndugu wa mkonge wetu, na wetu wenyewe asili yake ni hukohuko Meksiko, jina lake la Kiingereza, sisal, linatokana na bandari inayoitwa Sisal jirani tu na Progreso. Yule Mjerumani, Hindorf, aliagizia miche Florida, ikapita Hamburg, ikafika huku 1893, ilitoka miche 1,000 ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kilimo cha mkonge mnachokiona Muheza mpaka Korogwe kilianzia hapo.

Sasa sisi babu yetu alitoka Kigoma kuja kuwa manamba kwenye mkonge, baba kazaliwa kambini, kakulia anasikia mlio wa korona (korona ya kuchakata katani jamani, sio ile ya barakoa). Dada anasema alishuka kwenye kile kitoroli akagusa ncha ya jani akachomwa, akakumbuka kovu la babu kwenye mkono. Yule mwenyeji alivyoambiwa habari za Tanga akaacha hotuba yake yote, akawaita wafanyakazi wa pale, ikawa wao ndo wanamuuliza dada maswali. Ukinunua tiketi ya basi la watu 40 hili hulipati, na mi hapa namuunga mkono dada kabisa.

Ila stori zikanoga mpaka muda ukawapita. Meli ilikuwa inatumia saa za Texas, haibadilishi, na Meksiko waliacha mambo ya kusogeza saa mbele msimu wa joto mwaka 2022, Texas bado wanasogeza, kwa hiyo mwezi wa sita Yucatán iko nyuma ya Texas saa nzima. Simu ya shemeji ikajibadilisha yenyewe, inasoma saa 9 na robo alasiri, yeye katulia anakunywa juisi, kumbe melini ni saa 10 na robo na mwisho wa kupanda ni 10 na nusu. Aliyeshtuka ni yule mwenyeji. Na gati la Progreso si mchezo, linaingia baharini zaidi ya kilomita 6, unapandishwa basi kwanza ndo ufike kwenye meli. Walifika ngazi inakaribia kutolewa, watu wamejaa juu huko wanawashangilia na kuwarekodi.

Ungedhani mtu aliyepitia hayo kajifunza habari za saa.

Haya, Tanga. Tulimpata kijana mmoja wa hapahapa mjini, jina siliweki maana sijamuomba ruhusa, anatembeza wageni kwa kuunganishwa na watu, hana ofisi, ana begi la mgongoni na tochi mbili. Makubaliano elfu 60 yake kwa siku nzima, boti elfu 70 tunalipa wenyewe kwa nahodha, viingilio juu yetu. Mpango asubuhi kisiwa cha Toten, mchana mapango ya Amboni, jioni magofu ya Tongoni. Nikamwambia shemeji niachie mimi nimalizane naye, akakataa, wakaandikiana wenyewe kwa Kiingereza cha kijana, na kijana akaandika tukutane "at 2".

Saa 2 asubuhi kijana yupo getini na Noah inaunguruma. Shemeji kalala, kaweka alamu ya saa 7 mchana.

Sijui nicheke au nilie. Kijana kaandika saa ya Kiswahili kwa Kiingereza, shemeji kasoma saa ya kwao, yaani nane mchana. Mpaka watu waamke, waoge, dada ajipodoe, mama alazimishe watu chai na maandazi ya mbaazi ("mtu haendi baharini na tumbo tupu"), tumetoka saa 4. Nahodha pale Deep Sea, ufukweni kwenye boti, anatuangalia tu, mzee wa makamo, kofia imechujuka na jua, akasema taratibu "shikamoo zenu nimezipokea, ila maji hayana shikamoo". Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu juzi yake tu, na wanaoijua bahari yetu wanajua kwenye bamvua saa 4 asubuhi maji yamekupwa kabisa. Boti iko kule mbali imelala ubavu kama ng'ombe. Tukavua viatu. Tope la pale si la kusimulia, shemeji ndala moja mpaka leo imezikwa Tanga.

Tukaisukuma, tukapanda, tukakuta laifu jaketi ni 4 na sisi tuko 6. Hili sikulipenda na nilimwambia kijana mbele ya watu wote. Akaomba msamaha, nahodha akampigia mwenzake zikaletwa 2, tukapoteza nusu saa nyingine, lakini bila hivyo sipandi na watoto. Ukienda ulizia kabla hujatoa hela.

Toten penyewe mnapajua kwa macho, kile kisiwa cha mikoko kiko mbele ya mji hapo bandarini, watu tunazeeka tunakiona na hatujawahi kukanyaga, mimi mmojawapo, miaka 38. Jina lilitoka kwa Wajerumani, ni kisiwa cha wafu. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, mizizi imeshika kuta mpaka hujui ipi inamshikilia mwenzake. Hapa mwongozaji wetu alinipa wasiwasi kidogo, nikamuuliza nani waliishi hapa na waliondoka lini akaanza kuzunguka, mara Washirazi mara Wareno, mwisho akasema "kaka nikikwambia nitakuwa nakudanganya." Nikamheshimu. Wengi wangetupiga fiksi. Nahodha ndo alijua zaidi, kwamba bibi yake alikuwa anakuja kutia ubani kwenye kaburi moja, akatuonyesha na lipi, hadi na ganda la kombe lililowekwa pale mlangoni sijui na nani.

Kurudi maji yameanza kujaa, raha tupu, na hapo ndo dada akaanzisha habari za Grand Cayman, kisiwa cha hukohuko Karibea. Eti huko kuna fungu la mchanga katikati ya bahari, maji ya kiunoni, watu wanashushwa kwenye boti wanalipa dola kuwashikashika samaki taa, na ukitaka unambusu upigwe picha. Nahodha akazima mashine. Nakwambia alizima mashine. "Wanalipa kumbusu taa?" Dada akamwambia ndio baba. "Halafu hawamli?" Hawamli. Mzee akawasha mashine akasema kwake taa akishaingia kwenye nazi na ukwaju hambusu mtu.

Amboni tulifika saa 9, kilomita kama 8 tu kutoka mjini barabara ya Horohoro. Malipo ni ya serikali, kontroo namba na risiti, Mtanzania kiingilio chepesi, mgeni anatoa zaidi, kwa hiyo mtu asikwambie mpe yeye mkononi atakuingiza. Na hapa kijana aliwaka. Palepale pangoni kuna waongozaji wao lakini walimwachia aongee kwa sababu wanamjua, na kijana anajua mapango kama chumba chake. Anajua kuua tochi muda gani ili usikie popo kwanza kabla hujawaona. Kuna njia nyembamba unapita kwa magoti, kijana akatupanga mstari tukashikana mikono, dada anapiga kelele kutoka nyuma "kama Jamaika!" maana kule Dunn's River watu wanapanda maporomoko ya maji wameshikana mikono mlolongo mmoja. Tofauti kule unalowa, huku unatoka na kinyesi cha popo begani.

Halafu mawe. Anamulika, hili ramani ya Afrika, ile meli, yule mamba, na alipofika kwa shemeji akamulika moja akamwambia "shemeji huyu wa kwenu," eti Sanamu ya Uhuru ya New York. Shemeji kalitazama weee, kapindisha shingo, akasema anaona jogoo. Tukapata jina lake hapohapo, Jogoo, na kijana hakumwita vingine tena.

Stori ya Osale Otango hakuiacha, yule mwasi wa miaka ya 1950 aliyejificha humo akiwasumbua masetla. Na ile ya mbwa aliyepotelea pangoni akaibukia Kilimanjaro tukapewa pia, ila alipoimaliza akaongeza mwenyewe kwamba mwaka 1994 walikuja watafiti Wajerumani na Waturuki wakapima, pango refu halifiki hata kilomita moja. "Mimi nawapa zote mbili mchague." Pale kwenye mzimu kuna chupa za marashi, vitambaa, sarafu, akatuambia tuongee taratibu kuna watu wanakuja kuomba kweli, na akamzuia mtoto wangu asiokote sarafu bila kumtisha. Hilo nililipenda kuliko maneno yake yote.

Sasa lawama zangu. Tongoni hatukwenda siku hiyo, jua lilishaanza kuzama na ni kilomita 17 upande wa pili wa mji, kosa ni la ile saa 2 lakini kijana angeweza kutuambia mapema badala ya kusema "tutawahi tutawahi" mpaka saa 11 na nusu. Kutoka Amboni akatupitisha dukani kwa rafiki yake, vikapu na vinyago, hatukuomba, na bei ilipanda alivyomwona shemeji. Dada akashusha ile bei kwa Kidigo cha utotoni mpaka muuzaji akacheka akasalimu amri. Alichonunua dada ni kamba ya katani mita 5, anasema atamtumia yule mwenyeji wa Yucatán, wana mawasiliano mpaka leo.

Mi kijana nampa 7 kwenye 10. Angekuwa na laifu jaketi za kutosha na asingetupitisha duka la rafiki ningempa 9, maana Amboni na shule nilienda na sikumbuki chochote zaidi ya kuwa tulikula mihogo. Anayemtaka aniulize nitamuomba ruhusa kwanza. Boti panga mwenyewe na nahodha kwa kuuliza maji yanajaa saa ngapi, usipange kwa simu yako.

Usiku tuko barazani, ujumbe ukaingia kwa shemeji. Kijana kaandika Tongoni tuipeleke kesho bila kuongeza hela, tuondoke saa 12 na nusu. Shemeji akasoma, akaniangalia, akamwangalia dada, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwisho akamjibu kwa alama moja tu, ya jogoo. Kijana akarudisha jua linachomoza.

Asubuhi saa 12 na dakika 20 Noah imefika, shemeji yuko getini, kavaa raba.