HyP3: kupima ardhi inayopanda kwa milimita, ukiwa Pemba

Aliyeko Wete au Chake Chake na bando la simu hashindwi na hesabu za InSAR (kulinganisha picha za rada za tarehe tofauti ili kuona ardhi ilivyosogea), hushindwa na kushusha picha. Picha ghafi moja ya Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, ina gigabaiti kadhaa, na mkunjo (tabaka za miamba zilizopindwa) unaopanda milimita 2 kwa mwaka unataka picha za miaka. HyP3, huduma ya bure ya Alaska Satellite Facility, hupiga hesabu hukohuko. Wewe unashusha matokeo tu.

Fungua akaunti ya Earthdata (ya data za NASA), ingia Vertex, tovuti ya kutafutia picha, chora eneo, chagua SBAS, njia ya kupanga picha mbilimbili za tarehe zilizo karibu, tuma jozi hizo. Kabla ya kutuma, weka tiki kwenye ramani ya mwinuko na ramani ya pembe ya rada. Ukizisahau, MintPy, programu ya kuunganisha jozi kuwa mwendo wa miaka, itagoma na utaagiza upya. Faili hukaa siku 14, kisha hufutwa. Zikate zote kwa ukubwa mmoja kwanza, maana kingo zake hazilingani hata kwa njia moja ya setilaiti. Pikseli ya mita 80 inatosha kwa mkunjo wa kilomita kadhaa. Ya mita 40 ni kujitafutia faili nzito.

Hapo sifa zinaishia, shida inaanza: hewa. Mkunjo hai mara nyingi ndio kilima chenyewe, na unyevu wa hewa hubadilika kadiri unavyopanda. Kwa hiyo picha huchora umbo la kilima, na mtu akashangilia kwamba ardhi inainuka. Kosa hilo hufika sentimita kadhaa. Lipime: panga fezi (hatua ya wimbi la rada lililorudi, inayobeba habari ya umbali) dhidi ya mwinuko kwa kila jozi. Ikiwa mstari unainama huku jozi hii na kule jozi ile, hiyo ni hewa, si mwamba. Sahihisho la ERA5, data za hali ya hewa za dunia, ndani ya MintPy husaidia, lakini gridi yake ni kama kilomita 30, pana kuliko mikunjo mingi. Tena usitegemee jozi za siku 12 peke yake. Penye mimea hujenga upotofu unaofanana na mwendo wa kweli. Changanya na jozi za mwaka mzima.

Pemba ina mitihani yake. Wimbi la Sentinel-1 ni sentimita 5.6, hurudishwa na majani ya mikarafuu, na baada ya siku 12 majani hayo hayako yalivyokuwa. Kinachosomeka ni mabati, saruji na lami. Bahari nayo inakata hesabu: fezi ni tofauti kati ya nukta na nukta, haivuki mkondo wa Pemba. Basi huwezi kusema Pemba inapanda kuliko Tanga, na namba ya Misali ukiifunga na Chake Chake usiiamini. Tia tiki ya kuficha maji, la sivyo makosa ya baharini hupanda nchi kavu.

Angalia pia kama eneo lina picha za njia ya kupanda (setilaiti ikielekea kaskazini) na ya kushuka (ikielekea kusini); kwa moja tu, kuinuka na kusogea mashariki hazitengani. Mwendo wa kaskazini-kusini karibu hauonekani kabisa.

Kwa mikunjo mikavu kama ya Zagros, Iran, huduma hii ni nyota tano. Kwa mashamba ya Pemba, mbili. Subiri data za NISAR, setilaiti ya rada ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025, yenye wimbi la sentimita 24 linalopenya majani vizuri zaidi.